Barua kwa Mwanangu Anayetaka Kuhama Mkwawa

Tukuyu

Mwanangu Atupele,

Ujumbe wako nimeusoma. Unataka kutoka chuo cha elimu cha Mkwawa uende Chuo Kikuu cha Sokoine ukasome kilimo, na unauliza kama namfahamu mtu kule Morogoro wa kukushika mkono, kwa vile nimekuwa karani wa udahili. Mama, watu nawafahamu, ila simu sitapiga. Kinachomhamisha mwanafunzi ni faili lake, na la kwako linaweza kusimama lenyewe.

Anayelipokea huanza na cheti cha kidato cha sita. Kama hukufikia vigezo vya kozi unayoomba, linaishia hapo, hata uwe na GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 4.5. Kwa hiyo usiniambie "kilimo" tu. Fungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, tafuta kozi yenyewe kwa jina, usome masharti yake. Halafu kuna nafasi: kozi ikijaa imejaa, basi uwe na ya pili mkononi.

Wengi huumia kwenye krediti, yaani uzito unaohesabiwa kwa kila somo ulilofaulu. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360, na usitegemee kuhama na zote ulizokusanya. Chuo kinachokupokea hulinganisha somo moja moja, maudhui na uzito wake. Kemia na Baiolojia zako naziona zikipita. Saikolojia ya elimu sioni ikihesabiwa kwenye kilimo, kwa hiyo jiandae moyoni kurudia baadhi ya masomo ya mwaka wa kwanza.

Niliwahi kushika faili la kijana aliyeleta matokeo peke yake. Kemia, B+. Sasa nani atajua alifundishwa nini? Likawekwa pembeni kusubiri maelezo, tarehe ya mwisho ikapita. Binti mwingine alibana nyuma ya matokeo muhtasari wa kila somo, mada zimeandikwa wiki kwa wiki, mhuri wa idara kila ukurasa. Mkuu wa idara alilimaliza faili lile akiwa amesimama.

Sapu, yaani mtihani wa marudio, usipate hata moja. Najua mtu akishaamua kuhama, moyo hutoka darasani kabla ya miguu. Wako ubaki, maana matokeo ya semista hii ndiyo watakayoyasoma.

Barua ya maombi iwe ukurasa mmoja. Sababu unayo: tangu sekondari unahangaika na mnyauko wa viazi shambani kwa bibi yako Umalila. Iandike hivyo hivyo. Usiiseme vibaya Mkwawa, kwanza si kweli, halafu chuo hicho ndicho kitakachokuachia.

Mkopo nao una njia yake. Bodi ya Mikopo inakulipa kwa chuo na kozi uliyosajiliwa. Uhamisho ukithibitishwa, mwone afisa mikopo wa Mkwawa, ukifika Morogoro mwone wa kule, na barua yako mkononi. Nimeona watoto wakikaa muda mrefu bila bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, kwa sababu jina lilibaki chuo cha zamani.

Wiki hii nenda idarani ukaombe mihtasari. Anza na mhadhiri wa Kemia kabla hajasafiri. Hela ya fotokopi nitakutumia kwenye simu Ijumaa. Ukishachagua kozi mbili, nitumie majina yake nami nisome vigezo.

Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako