Kabla Hujatia Dole Gumba Kwenye Fomu ya Ridhaa

Mwaka 2010, mwanangu wa pili akiwa na miezi 8, tulialikwa Korogwe kujiunga na jaribio la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Nilitia saini fomu ya ridhaa baada ya dakika chache tu, kwa sababu mwaka uliotangulia tulikuwa tumemzika mtoto wa dada yangu kwa malaria, na neno chanjo lilinitosha. Sijutii kushiriki. Ninachojutia ni kutouliza, na ndiyo maana nawaandikia wazazi wenzangu wanaoalikwa leo katika tafiti za namna hii.

Swali ambalo ningelitanguliza ni hili: mtoto asiyepangiwa chanjo inayochunguzwa anapewa nini? Katika jaribio lile watoto wa umri wa mwanangu waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata chanjo ya malaria na wengine chanjo ya kichaa cha mbwa. Sisi wazazi hatukujua mtoto yupi yuko kundi lipi, wala waganga waliowapima homa hawakujua. Jirani yangu alikuwa akimsihi muuguzi kila tulipokwenda amdokeze japo kidogo, akiamini kwamba tunafichwa kwa nia mbaya. Usiri huo una sababu yake: mzazi akijua mtoto amepata chanjo atalegeza chandarua, na mganga akijua anaweza kuitazama homa ya mtoto kwa jicho jingine, matokeo yakaharibika. Mimi nililegeza hata bila kujua, nikijipa moyo kwamba wetu amekingwa, na akaugua malaria mara mbili katika msimu mmoja wa mvua. Mzazi mwenzangu, mtoto akiwa ndani ya jaribio, mlinde kana kwamba hakuchomwa chochote.

Wengi huuliza kwa nini watoto wote wasipewe kilicho kizuri tangu mwanzo. Jibu lililonituliza nililipata katika utafiti mwingine, uliofanyika katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwamo ya Muheza katika mkoa wetu wa Tanga. Watoto waliofikishwa hospitalini wakiwa na homa kali na mzunguko dhaifu wa damu walikuwa wakiongezewa maji mengi ya dripu kwa haraka, na madaktari waliamini kwa dhati kwamba yanawaokoa. Utafiti ukasimamishwa mapema mwaka 2011, baada ya watoto 3,141 kushiriki, kwa kuwa ndani ya saa 48 vifo vilikuwa zaidi ya asilimia 10 kwa waliopewa maji hayo ya haraka, na asilimia 7.3 kwa wasiopewa. Bila kundi la ulinganisho, madhara hayo yangeendelea kuhesabiwa kuwa ni ukali wa ugonjwa.

Kuhusu damu, uliza bila haya, maana uvumi wa mumiani bado unatembea vijijini na unawanyima usingizi hata watu waliosoma. Taka uelezwe ni mililita ngapi zitachukuliwa na mara ngapi. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai, na ukishaelewa hivyo hofu hupungua. Uliza pia nauli, nani atagharimia matibabu mtoto akidhurika, na kama utafiti una kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ukitaka kujitoa, una haki ya kujitoa siku yoyote bila mtoto kunyimwa matibabu yake ya kawaida.

Matokeo nayo yanahitaji kusomwa kwa utulivu. Ripoti ya mwisho ya RTS,S, iliyotoka mwaka 2015, ilionyesha kwamba kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi 4, malaria ilipungua kwa asilimia 36 katika muda wa takriban miaka 4. Maana yake si kwamba watoto 36 katika 100 hawakuugua kabisa; ni kwamba matukio ya ugonjwa yalipungua kwa zaidi ya theluthi yakilinganishwa na ya wenzao, huku makundi yote mawili yakiwa na vyandarua. Chanjo ya pili, R21, iliyojaribiwa pia Bagamoyo na Kilifi, ilitangazwa kuwa inapunguza malaria kwa asilimia 68 hadi 75, na nimewasikia watu wakiibeza ile ya kwanza kwa sababu hiyo. Lakini asilimia hizo za R21 ni za mwaka mmoja baada ya dozi ya tatu, wakati ambapo kinga bado ina nguvu, kwa hiyo haifai kuziweka kwenye mizani moja na za miaka 4. Ripoti ya RTS,S ilionyesha pia visa vingi zaidi vya homa ya uti wa mgongo kwa waliochanjwa, jambo lililonitisha mno. Ufuatiliaji mkubwa ulioanza mwaka 2019 Ghana, Kenya na Malawi haukuona uhusiano huo, na mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo ya RTS,S.

Hayo yote niliyasikia redioni. Kwa hiyo siku ileile ya kutia saini, uliza ni nani atakayekuletea matokeo na kwa lugha gani, kisha omba nakala ya fomu yenye namba ya simu ya mtafiti. Yangu ilipotea tulipohama nyumba. Mtunzie mtoto yake pamoja na kadi ya kliniki.