Maswali ya Wasomaji: Kiunzi cha plastiki ndani ya mwili kina matundu ya nini?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nilipojifungua kwa upasuaji niliambiwa kwamba nyuzi nilizoshonewa hazitatolewa kwa kuwa zitakwisha zenyewe. Hivi karibuni nimesikia redioni kuwa mata ya namna hiyo hutengenezewa viunzi vya kuoteshea mfupa na gegedu, navyo vina matundu kama sifongo. Ya nini matundu, ilhali kitu kisicho na tundu kingekuwa imara zaidi? Na plastiki hiyo huishia wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ikiwa nyuzi zako hazikuwa za utumbo wa mnyama, basi yaelekea zilitokana na asidi ya glikoliki, pengine ikichanganywa na ya laktiki, na polima hizo, yaani plastiki zenye molekuli ndefu kama minyororo, ndizo walizozitegemea Robert Langer, mhandisi wa kemia, na Joseph Vacanti, daktari wa upasuaji wa watoto, walipoeleza fani hii ya kuotesha tishu kwenye viunzi katika jarida la Science mwaka 1993. Tunasema zinayeyuka kwa mazoea tu. Ukweli ni kwamba maji ya mwilini hukata minyororo ya polima kidogo kidogo hadi ibaki asidi, na asidi ya laktiki si mgeni mwilini, kwani misuli yako huitoa unapokimbia. Mwili huitumia kama chakula kingine, ikaishia kuwa maji na hewa ya ukaa unayoipumua.

Kuhusu matundu, umesema kweli kwamba yanapunguza nguvu, na ndiyo maana mfupa wa paja uliovunjika bado hufungwa chuma. Lakini seli iliyo mbali na mshipa mwembamba wa damu kwa zaidi ya mikromita 200 hivi, yaani unene wa nywele mbili tatu, hufa kwa kukosa oksijeni. Kwa hiyo kiunzi cha mfupa huachiwa matundu ya mikromita 100 hadi 400 ili seli na mishipa ya damu iingie, na mara nyingi sehemu kubwa yake, hata asilimia 90, ni uwazi mtupu. Tena matundu hayo hayana budi kupitana, kwa sababu chumba kisicho na mlango hakina mpangaji. Njia mojawapo ya kuyapata ni rahisi hadi inachekesha: polima iliyoyeyushwa katika klorofomu humiminwa juu ya punje za chumvi zilizochekechwa kwa kipimo, klorofomu ikikauka kipande kizima hulowekwa majini, chumvi hutoka, na pale ilipokuwa pamebaki tundu.

Kwa maoni yangu, ugumu mkubwa zaidi uko kwenye muda. Fundi akiondoa mirunda kabla zege halijakomaa, sakafu ya juu inamwangukia. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa asidi hizo mbili huisha kwa takriban mwezi mmoja hadi miwili, ilhali polima nyingine, polikaprolaktoni, huweza kupita miaka miwili, na kazi ya mtafiti ni kulinganisha kasi hiyo na kasi ya tishu inayoota. Zaidi ya hayo, kipande kinene huoza haraka zaidi katikati kuliko pembeni, kwa sababu asidi iliyonaswa ndani huchochea ukataji uleule ulioizaa.

Usidhani basi kwamba ini zima liko njiani. Mwaka 2006 Anthony Atala na wenzake waliripoti wagonjwa 7, watoto na vijana, waliopanuliwa kibofu kwa viunzi vilivyopandwa seli zao wenyewe, na habari hiyo ikashangiliwa kote. Jaribio jingine la wagonjwa 10, lililochapishwa mwaka 2014, halikuonyesha kibofu kikiongezeka uwezo wake, na baadhi yao walipata madhara makubwa. Na kibofu ni ukuta mwembamba tu. Ini ni nene, nalo linadai mtandao wa mishipa ya damu ambao matundu ya chumvi peke yake hayawezi kuufuma.