Uzamivu au kazi? Piga hesabu kwa msimu wa korosho

Mtu aliyemaliza shahada ya uzamili hapa Mtwara au Lindi akianza kuwaza uzamivu (PhD), mara nyingi hukimbilia kutafuta ufadhili. Huko ni kuanzia mkiani. Anza na tangazo la kazi unayoitamani, ulisome mstari kwa mstari: uzamivu unadaiwa mlangoni, unadaiwa ukishaingia, au haudaiwi kabisa?

Chuo kikuu kinaudai. Bila huo utaingia kama mkufunzi msaidizi au mhadhiri msaidizi, na cheo cha mhadhiri utakitazama kwa mbali. Ila kuna mtego ambao wengi huugundua wakiwa wameshapoteza miaka minne: vyuo vyetu huangalia pia ufaulu wa nyuma, kwa kawaida GPA (wastani wa alama) ya 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili. Uzamivu haufuti 3.2 ya zamani. Kama yako iko huko chini, ndoto ya kufundisha ichunguze upya kabla hujalipia hata fomu.

Taasisi za utafiti wa kilimo kama TARI Naliendele ziko katikati: watu huingia na shahada ya kwanza au ya uzamili, kisha huenda kusoma wakiwa na ajira mkononi. Halmashauri? Afisa kilimo wa Newala au Nachingwea mwenye uzamivu hupanda madaraja kwa muundo uleule wa utumishi anaopandia mwenzake. Na kwenye gesi ya Madimba au Songo Songo wanataka vyeti vya ufundi na uzoefu. Huko digrii ya tatu inaweza hata kukuponza, mwajiri akihisi utamgharimu na kuondoka mapema.

Sasa pesa. Tuseme kazi unayoiacha ingekulipa 900,000 kwa mwezi. Miaka minne ni 43,200,000, na michango ya hifadhi ya jamii, asilimia 20 ukijumlisha wako na wa mwajiri, ni 8,640,000, ingawa sehemu yako hukatwa kwenye mshahara huohuo. Hiyo ndiyo ada ambayo haimo kwenye fomu ya chuo. Deni la bodi ya mikopo nalo linakungoja palepale, likisubiri asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi. Umri pia: matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira yanataka mwombaji asizidi miaka 45. Kwa hiyo msimamo wangu hauna kona: kama huna ajira wala ufadhili unaolipa posho ya kuishi pamoja na gharama za utafiti, tafuta kazi kwanza. Ufadhili wa ada tupu ni nusu ya daraja.

Ukiamua kusoma, mada ndiyo itakayokupa miaka mitatu au sita. Chukua ubwiriunga wa mikorosho, ugonjwa wa ukungu unaofanana na unga, mada wanayoipenda wengi huku kwetu. Mkorosho hutoa maua kati ya Juni na Septemba, na salfa ya unga huanza kupulizwa maua yanapochomoza, kisha kila baada ya siku 14. Jaribio la miti 60, gramu 250 kwa mti, mizunguko mitano, linakula kilo 75, yaani mifuko mitatu ya kilo 25. Salfa si mzigo mkubwa. Mzigo ni tarehe. Pesa za utafiti zikiingia Agosti, umeshaukosa mwanzo wa maua, na hakuna msimu wa pili mpaka mwakani. Katika miaka mitatu, wa kwanza huliwa na pendekezo la utafiti na wa mwisho na uandishi. Unabaki na msimu mmoja tu wa data; ukiukosa huo, huna cha kuwapa watahini. Kuzalisha mbegu mpya ndiyo kabisa usiguse, maana mti wenyewe unataka miaka kadhaa kabla hujaokota cha kupima.

Utafiti wa madodoso nao una kalenda yake. Oktoba mkulima anaokota korosho na kuwaza ghala la AMCOS, chama chake cha ushirika. Dodoso la saa nzima atalijibu ili uondoke tu. Nenda Februari au Machi, lakini acha wiki mbili za akiba kwa ajili ya barabara: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata njia ya Kusini, na mwenye sampuli za kupeleka maabara Dar angezitazama zikiharibika.

Vibali vianze miezi mitatu kabla. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, halafu kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Usiruke ngazi hata kama mwenyekiti wa kijiji ni mjomba wako. Mada ikigusa afya ya watu, kibali cha maadili ya utafiti hakikwepeki; ulizia chuoni kama kinatolewa na kamati ya chuo au na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu.

Msimamizi usimchague kwa jina. Muulize wangapi wamemaliza chini yake miaka mitano iliyopita na kila mmoja alichukua muda gani, kisha waulize hao wanafunzi pembeni: sura ikitumwa, inarudi baada ya wiki ngapi? Ikifika miezi mitatu, tafuta mwingine. Muulize pia anastaafu lini, japo swali ni zito mdomoni.

Kwa aliye serikalini, subiri uthibitishwe kazini, hakikisha jina limo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, ndipo uombe ruhusa ya masomo. Barua ya ruhusa itaje wazi kama mshahara unaendelea na utatumikia miaka mingapi ukirudi. Isipotaja, irudishe kwa ofisa utumishi siku hiyohiyo, kabla hajahamishwa, kisha toa kopi tatu.