Mzee Wetu Anachelewesha Mchezo wa Gofu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu watatu hucheza gofu kila Jumamosi hapa Mwanza. Mmoja wetu ni mzee aliyewahi kuwa mkuu wangu wa kazi. Kabla ya kila mkwaju hupunga fimbo hewani mara nne au tano, na mpira wake ukipotelea kwenye mawe hakubali kuuacha. Juma lililopita kundi la nyuma lilitupigia kelele, kisha mpira wao ukatua hatua chache kutoka kwa kedi wetu, yaani msaidizi anayetubebea fimbo. Je, kanuni zinasemaje, na mzee nimwambieje bila kumvunjia heshima? – Msomaji, Isamilo.

JIBU: Nianze na lililo la hatari. Kupiga mpira wakati watu walio mbele wanaweza kufikiwa nao ni kosa kubwa, na kuchelewa kwenu hakuwapi wenzenu ruhusa hiyo. Mwelezeni nahodha wa klabu jambo hilo peke yake, bila kulichanganya na la mzee.

Hata hivyo, walikuwa na sababu ya kulalamika. Mwendo wa kundi hupimwa kwa nafasi iliyopo kati yake na kundi la mbele; ikiwa shimo zima mbele yenu, yaani njia yote tangu mahali pa kuanzia hadi kwenye kishimo chenye bendera, liko wazi na nyuma kuna wanaosubiri, simameni kando, muwapungie mkono wapite.

Kanuni zilizoanza kutumika Januari 2019 zilipunguza muda wa kutafuta mpira kutoka dakika 5 hadi 3, nazo huhesabiwa tangu mchezaji au kedi wake anapoanza kutafuta. Mawe ya Mwanza mnayajua: mpira ukigonga jabali huweza kurukia upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama. Kwa hiyo mzee akiuona unaelekea huko, atangaze mpira wa akiba, yaani wa pili utakaotumika ule wa kwanza usipopatikana, na aupige papo hapo, ndipo mwende kutafuta. Kanuni hizo pia zinapendekeza mkwaju upigwe ndani ya sekunde 40 tangu mchezaji anapoweza kucheza bila kizuizi, na katika mashindano ya kuhesabu mikwaju zinahimiza aliye tayari atangulie, mradi ni salama. Nusu dakika ya ziada kwa kila mkwaju, kwa mtu anayemaliza kwa mikwaju 100, ni dakika 50 nzima. Wengi huwalaumu wasiojua kucheza. Kwa maoni yangu, mchelewashaji hasa ni yule anayeanza kuchagua fimbo zamu yake ikiwa imeshafika, awe hodari asiwe hodari.

Kuhusu mzee, usimwambie uwanjani, wala mbele ya makedi. Mwamkie, kisha kabla hamjaanza umwambie: “Mzee, juma lililopita tulibanwa sana. Leo tunaomba utusimamie: aliye tayari apige, na tukitafuta mpira, kedi atuhesabie dakika tatu.” Aliyezoea kuongoza watu hatapenda kuonekana akiuvunja utaratibu anaousimamia mwenyewe. Kanuni zina adhabu kwa anayechelewesha bila sababu, kuanzia mkwaju mmoja hadi kuondolewa mashindanoni akirudia mara ya tatu, lakini hiyo ni kazi ya kamati siku ya mashindano, si yako siku ya Jumamosi.