Ekskaveta ikilalamika mawasiliano, pima nyaya mbili kabla hujanunua kontrol boksi

Wakati wa mvua za vuli niliitwa Usagara kuangalia ekskaveta ya tani 20 iliyokuwa imelala siku tisa. Ilitoka Japani ikiwa imetumika, ikashushwa bandarini Dar es Salaam, ikaletwa Mwanza kwa lori, ikachimba misingi miezi kadhaa bila shida. Halafu ikaanza vituko. Monita inaandika hitilafu ya mawasiliano, injini inabaki sailensa, yaani mwendo wa chini kabisa, mkono unanyanyuka taratibu kama umechoka. Opereta akizima na kuwasha, inakubali dakika kumi tu, kisha inarudia.

Mwenye mashine alishaambiwa kontrol boksi ya injini, yaani kompyuta inayoiongoza, imekufa. Akanunua nyingine iliyotumika, ikafungwa, na ugonjwa ukabaki palepale. Nilipomwamkia aliitikia, akaniuliza: "Mwanangu, niambie ukweli, niiuze kwa kilo?"

Swali lile linaniuma hadi leo, kwa sababu miaka ya nyuma nami niliwahi kumnunulisha mtu boksi ambayo hakuihitaji. Sikuwa nimepima kitu. Nilisoma maandishi kwenye monita nikayaamini.

Tuelewane kwanza mashine hizi zinavyozungumza. Injini ina boksi yake, pampu za haidroliki zina yake, na monita nayo ni kompyuta. Zote zimeunganishwa kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, mfumo unaoitwa CAN, ambao Bosch waliutangaza mwaka 1986 kwa ajili ya magari. Fikiria redio za upepo: wote wako chaneli moja, kila mmoja anasikia kila kinachosemwa. Mmoja akikwama amebonyeza kitufe, wengine wote wananyimwa nafasi. Na waya ukikatika, anayelalamika ni yule aliyekosa kusikia, hata kama yeye ni mzima. Ndiyo maana kodi ya hitilafu kwenye monita ikisema "boksi ya injini haipatikani", haijasema boksi imeharibika. Imesema tu kwamba sauti yake haifiki.

Kila mwisho wa nyaya hizo mbili una rezista, kipande kidogo kinachozuia umeme, ya omu 120 (omu ndicho kipimo cha uzuiaji huo). Kwa hiyo zima swichi, chomoa betri, chukua mita ya kawaida, na upime kati ya waya mmoja na mwingine kwenye soketi ya uchunguzi. Mashine nyingi zina soketi ya duara yenye matundu tisa. Mara nyingi nyaya hizi huwa kwenye tundu C na D. Ukipata omu 60 au karibu yake, njia ni nzima kwa wakati huo. Ukipata 120, upande mmoja umekatika au rezista moja haipo. Ukisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana mahali. Niliwahi kukuta 40. Kuna mtu alikuwa ameongeza rezista ya tatu akidhani anasaidia. Mashine za zamani zaidi hazina mfumo huu, na nyingine zina njia zaidi ya moja, hivyo tafuta mchoro wa nyaya wa modeli yako kwanza.

Pale Usagara mita ilisoma 60. Fundi mwenye haraka angefunga begi hapo. Lakini ugonjwa huu unakuja na kuondoka, na mashine iliyolala haitikisiki. Nikamwomba kijana ashike mita, asiondoe macho kwenye namba, mimi nikaanza kutikisa fungu la nyaya kidogo kidogo kutoka kwenye kabini kwenda injini. Nyuma ya kabini, hakuna kitu. Chini ya sakafu, hakuna kitu. Nilipofika ukuta unaotenganisha pampu na injini, kijana akapiga kelele: "Mzee, mia na ishirini!" Nikaachia, ikarudi 60. Klipu iliyoshikilia fungu ilikuwa imevunjika, na nyaya zilikuwa zikisugua ukingo wa bomba kila injini inapotetemeka. Kwa nje ganda lilionekana lina mkwaruzo tu. Ndani, shaba ilikuwa imebaki uzi mmoja au miwili.

Tulikata, tukaunga kwa risasi, tukaweka mpira wa kubana kwa joto, na tukazisokota nyaya upya. Usizinyooshe. Kule kusokotwa ndiko kunakofanya kelele za umeme ziingie kwenye nyaya zote mbili sawasawa, na boksi inasoma tofauti iliyopo kati yake. Kisha tukarudisha boksi ya zamani, kwa sababu boksi ya mashine nyingine huja na taarifa za injini nyingine na inaweza kukuletea tatizo la pili juu ya la kwanza.

Kama omu ziko sawa hata ukitikisa, rudisha betri, washa swichi, pima volti ya kila waya dhidi ya bodi, yaani chuma cha mashine. Zote mbili zikae karibu na 2.5, mmoja juu kidogo na mwingine chini kidogo. Waya mmoja ukisoma 24, umegusa umeme wa betri. Ukisoma sifuri, umegusa bodi. Hapo zima, chomoa boksi moja, washa upime tena, halafu nenda kwenye nyingine. Ile ambayo volti zinarudi baada ya kuichomoa ndiyo unayoanza kuishuku, yenyewe na waya unaoifikia. Na usisahau nati ya athi, inayofunga waya wa kurudisha umeme kwenye bodi. Ikilegea au ikiota kutu, boksi inazimika injini inapopigwa stata, na monita itaita hilo nalo hitilafu ya mawasiliano.

Kwetu Mwanza kuna jambo linaloua boksi kweli, nalo ni kuchomelea. Mawe yetu yanakula meno ya bakuli, na mchomeleaji anaitwa saitini betri zikiwa bado zimeunganishwa, klempu ya athi ameibana kwenye cheni, moto anaupiga kwenye bakuli. Umeme wote huo unavuka mashine nzima ukitafuta njia ya kurudi. Chomoa betri, chomoa na plagi za boksi, na klempu ibanwe karibu kabisa na unapochomelea.

Ukienda kununua mashine iliyotumika, omba iwashwe ikiwa baridi, kisha ifanye kazi saa nzima mkono ukipanda na kushuka, kabini ikizunguka pande zote. Fungua kifuniko nyuma ya kiti. Ukiona nyaya zimeungwa kwa tepu nyeusi, kinyesi cha panya, au unga wa kijani ndani ya plagi, pima omu palepale mbele ya muuzaji, tikisa nyaya, na bei ianzie hapo.