Mgeni njoo, lakini njoo kabla ya saa sita

Desemba hapa Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, jua linazama saa kumi na nusu jioni. Kama una mtoto anayetembea, asiyejua kukaa, mmejifungia naye kwenye fleti ya vyumba viwili, hiyo siku unaiona haina mwisho. Huku hakuna baraza. Hakuna jirani wa kupita na kusema "hebu nipe huyo nimbebe kidogo". Wazazi wanaohamia kutoka nyumbani huniuliza sana habari za makoti na mabuti, nami nitayagusia, maana baridi ina dawa yake dukani. Kinachomwelemea mtu winta ni kushinda peke yake na mtoto, asubuhi mpaka usiku, wiki nenda wiki rudi.

Basi usingoje hodi. Huku watu wanaogopa kusumbuana, na barafu ikishaganda barabarani kila mtu anapata kisingizio cha kubaki kwake. Weka siku ijulikane. Kwetu ni Jumamosi asubuhi, na kwenye grupu la WhatsApp naandika hivi: "Karibuni chai Jumamosi, mtoto analala saa saba." Saa ya kufika siitaji kabisa. Sisi tunajuana: ukimwambia mtu saa nne, saa nne ndiyo anaingia kuoga. Ila akijua mtoto analala saa saba, na alichofuata ni kucheza na mtoto, atajitahidi afike kabla ya saa sita. Na hata wakinoga na maongezi, saa saba ina heshima yake. Mtoto aliyerukwa na usingizi wa mchana kwa ajili ya wageni atakulipizia usiku, wao wakiwa makwao wamejifunika blanketi.

Usipike pilau. Najua itakuuma, lakini ukishasimama jikoni tangu alfajiri, Jumamosi ya pili hutaita mtu. Chai ya tangawizi na maandazi yaliyotoka kwenye friza yanatosha. Mtu akiuliza alete nini, usimwambie "njoo tu". Mwambie alete maziwa, au ndizi. Mashangazi nao wasikae kama wako harusini: mpe mmoja bakuli la uji amlishe mtoto, wewe nenda kaoge bila kusikiliza mlango. Hakuna zawadi inayoizidi hiyo mwezi wa Januari.

Suala la magonjwa lina utata wake, hasa kwa wakubwa. Huu ndio msimu wa mafua makali na wa virusi vya RSV vinavyoshambulia njia ya hewa, ambavyo kwa watu wazima wengi ni kukohoa tu, lakini mtoto mdogo vinaweza kumfikisha hospitali akihema kwa shida. Mwenye homa au kikohozi namwomba tuonane wiki ijayo, na hakuna aliyewahi kununa, angalau mbele yangu. Kunawa mikono ndiko kulikonisumbua, maana utamwambiaje mama wa watu uliyemwamkia shikamoo sasa hivi kwamba mikono yake haifai? Nilichofanya ni kuirudisha birika na beseni. Mgeni akishavua koti, namnawisha maji ya moto palepale karibu na mlango, kama tunavyonawishana kabla ya kula, na binti yangu anasimama pembeni ameshika taulo kwa mikono miwili. Wazee wanafurahi, wanaona mtoto ana adabu. Virusi vinabaki kwenye beseni.

Hapohapo mlangoni nimeweka sinia kubwa la kuwekea mabuti. Barabara za huku zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inaingia na viatu, ikikauka inaacha unga mweupe sakafuni. Mtoto wa umri huu kila anachookota anakionja.

Wakumbushe pia wageni wanakoegesha magari. Theluji ikianguka kwa wingi, miji huku hutangaza dharura ya theluji ili magreda yapite. Minneapolis, kwa mfano, usiku wa kwanza kuanzia saa tatu huruhusiwi kuegesha upande wowote wa barabara zilizotengwa kwa dharura hiyo, na siku mbili zinazofuata wanabadilishana pande kwenye mitaa mingine. Saint Paul ina utaratibu wake. Gari likivutwa, mgeni wako atalipa pesa nyingi kwa kikombe kimoja cha chai. Angalia tangazo la mji asubuhi, uwatumie.

Mkitoka nyinyi kwenda kwa watu, koti nene la mtoto mvue kabla ya kumfunga kwenye kiti chake cha gari. Gari likigonga, pamba ile inabonyea, mikanda inalegea, na mtoto anaweza kuchomoka. Mfunge akiwa na sweta, kisha mfunike koti kwa juu. Bibi zake watakupigia kelele. Wasikilize, tabasamu, na usibadilishe.

Na nje mtoke, hata kidogo, siku ambazo upepo haukati. Upepo ukiifanya baridi ihisike kama -20 Fahrenheit, ngozi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, hapo sisi hatuchezi nje. Siku kama hizo tunakwenda Como, Saint Paul, kwenye lile jumba la vioo la mimea lililojengwa mwaka 1915. Kiingilio ni hiari yako. Ndani kuna joto la unyevunyevu na mimea ya jamii ya minazi, miwani inaingia ukungu ukivuka tu mlango. Mwambie rafiki mkutane huko. Hakuna wa kupika wala wa kufagia.

Ugumu wenyewe unaanza Februari. Krismasi imepita, mialiko imekwisha, theluji bado ipo. Tarehe za Februari ziandike mapema, mwezi wa Novemba, watu wakiwa bado na moyo. Na kama umefika juzi na hujui mtu, maktaba za huku zina vipindi vya hadithi kwa watoto wadogo, bure. Kaa karibu na mama unayemwona anahangaika na zipu kama wewe, umuulize wake ana miezi mingapi.