Wasomaji Wanauliza: Harold Evans, mhariri aliyeshindana na zuio la mahakama

SWALI: Ndugu Mhariri wa safu, mimi ni mwanafunzi wa uandishi wa habari. Mwalimu wetu humtaja mara kwa mara Harold Evans wa Uingereza na kusema kwamba nchi ile haijapata mhariri wa kumfikia. Naomba kujua alifikaje hapo. Je, alikuwa mtoto wa wakubwa, kama tunavyosikia kuhusu wengi walioongoza magazeti ya London? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hakuwa mtoto wa wakubwa hata kidogo. Alizaliwa Juni 1928 huko Eccles, karibu na Manchester. Baba yake alikuwa dereva wa treni, na mama yake aliendesha duka dogo la vyakula palepale nyumbani. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16, akajifunza hati mkato, kisha akaajiriwa kuwa ripota katika gazeti la kila wiki la mji wa Ashton-under-Lyne. Baada ya kulitumikia jeshi la anga kwa mujibu wa sheria, aliingia Chuo Kikuu cha Durham na kuhitimu mwaka 1952, ndipo akarudi Manchester kufanya kazi katika gazeti la jioni la mji huo. Mwalimu wenu hakutia chumvi: mwaka 2002 wanahabari wa Uingereza walipopigishwa kura, walimchagua yeye kuwa mhariri mkubwa kuliko wote.

Ningependa uutazame kwa makini mwaka 1961, kwa sababu vijana wengi wanaoingia katika kazi hii hufikiri kwamba jina hupatikana katika mji mkuu tu. Mwaka huo Evans alikabidhiwa Northern Echo, gazeti la mkoani linalotoka Darlington, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Akiwa huko alipata habari kwamba katika jimbo la British Columbia, Kanada, wanawake walikuwa wakipimwa mapema saratani ya mlango wa kizazi na maisha yao yakiokolewa, ilhali nchini mwake kipimo hicho hakikuwa kimeenezwa. Alimpa mwandishi wake kazi ya kulichunguza jambo hilo, akachapisha, akawapelekea wabunge nakala, akachapisha tena, wala hakuchoka mpaka serikali ilipokubali kuanzisha upimaji kwa nchi nzima.

Gazeti hilohilo lilidai pia msamaha kwa Timothy Evans, ambaye hakuwa ndugu wa mhariri huyu, kijana aliyenyongwa mwaka 1950 kwa kosa la kumuua mwanawe, kabla haijagundulika kwamba jirani yake wa nyumba moja, John Christie, alikuwa muuaji wa watu wengi. Msamaha huo ulitolewa Oktoba 1966, wakati mhariri ameshahamia London. Kwa maoni yangu, miaka ile mitano ya Darlington ndiyo iliyomjenga, maana ndipo alipozoea kurudia habari moja wiki baada ya wiki bila kuona haya, jambo ambalo wahariri wengi huliogopa wakidhani kwamba msomaji atachoka.

SWALI: Nimesikia kwamba Evans aliandika kuhusu watoto walioathiriwa na dawa ya thalidomide ilhali kesi yao iko mahakamani. Iliwezekanaje bila kufungwa? Tena ni kweli kwamba kampuni iliyohusika ilikuwa mteja wa matangazo wa gazeti lake mwenyewe? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ni kweli, na hili ndilo jambo linalostahili kuelezwa kwa kirefu kuliko yote aliyoyafanya. Evans alikuwa mhariri wa Sunday Times, gazeti la London la kila Jumapili, kuanzia mwaka 1967 hadi 1981. Dawa unayoitaja ilitengenezwa na kampuni ya Grünenthal ya Ujerumani Magharibi, na nchini Uingereza iliuzwa tangu 1958 hadi mwishoni mwa 1961 na kampuni ya Distillers, iliyojulikana zaidi kwa wiski. Wajawazito waliinywa kwa ajili ya kupata usingizi na kutuliza kichefuchefu. Watoto wao wakazaliwa bila mikono au bila miguu, na wengine viganja vikiwa vimeota karibu kabisa na mabega. Wazazi walifungua kesi za madai, lakini zilikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Miaka kumi ikapita, na watoto walio wengi hawakuwa wamelipwa kitu.

Sheria ya wakati ule ilikataza gazeti kujadili nani mwenye kosa maadamu kesi ingali mahakamani. Kufanya hivyo kulihesabiwa kuwa ni kuidharau mahakama, na mhariri angeweza kutozwa faini au kufungwa. Ukimya huo uliifaa kampuni, kwa sababu familia iliyochoka na isiyosikika kwa umma huwa tayari kupokea kiasi kidogo ili mambo yaishe. Evans na wanasheria wa gazeti wakaona upenyo. Waliigawa hoja mara mbili. Swali la kisheria, yaani kama kampuni ilizembea katika kuipima dawa, waliliweka kando kwa muda. Swali la utu, yaani kama ni haki kwa kampuni tajiri kuwaacha watoto hawa na fidia hafifu hata kama sheria haiwezi kuilazimisha, hilo wakaamua kuliuliza hadharani.

Tarehe 24 Septemba 1972 makala ya kwanza ilitoka, ikiita hali ya watoto hao aibu ya taifa. Chini kabisa ya makala hiyo kulikuwa na mstari mmoja mfupi uliowaahidi wasomaji kwamba siku za usoni gazeti lingefuatilia jinsi janga lenyewe lilivyotokea. Mstari huo ndio uliompeleka Mwanasheria Mkuu wa Serikali mahakamani, na mwezi Novemba akapata zuio dhidi ya makala ya pili. Mahakama ya Rufaa ililiondoa zuio hilo mapema mwaka 1973, lakini Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, likalirudisha mwaka huohuo.

Hata hivyo, hoja ya utu haikuwa imezuiwa, na hapo ndipo ilipoonekana faida ya kuzitenga hoja zile mbili. Gazeti liliendelea na kampeni. Mbunge Jack Ashley, ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi, alilifikisha suala hilo bungeni, na wenye hisa wa Distillers nao wakaanza kuwahoji wakurugenzi wao. Kampuni iliyokuwa imetaja pauni milioni 3.25 kwa familia zote ilifika mwaka 1973 ikakubali takriban pauni milioni 20. Evans hakuridhika na hapo, kwa sababu makala iliyozuiwa ilikuwa bado imefungiwa kabatini. Zuio liliondolewa mwaka 1976 na makala ikachapishwa, lakini gazeti lilikuwa limekwisha kwenda Strasbourg, Ufaransa, kudai kwamba zuio lenyewe halikuwa halali. Tarehe 26 Aprili 1979 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua, kwa majaji 11 dhidi ya 9, kwamba Uingereza ilikuwa imekiuka uhuru wa kujieleza. Miaka miwili baadaye Bunge la Uingereza lilitunga sheria mpya kuhusu kosa la kuidharau mahakama.

Kuhusu matangazo, Distillers ilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa kabisa wa gazeti, na Evans alijua kwamba fedha hizo zingeweza kupotea. Aliweza kuthubutu kwa sababu mwenye gazeti alikuwa Roy Thomson, Mkanada aliyetembea na kadi mfukoni iliyosema kwamba hataingilia kazi ya wahariri wake. Thomson alipenda faida, wala hakuwahi kulificha hilo, lakini ahadi ya kwenye ile kadi aliitimiza. Nalisisitiza hili kwa sababu watu hupenda kusifu ujasiri wa mhariri peke yake na kumsahau yule aliyekubali kupata hasara ili mhariri afanye kazi yake.

SWALI: Je, gazeti la Evans liliwahi kuzigusa nchi zetu? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ndiyo. Mwaka 1972 mpigapicha wake mashuhuri, Don McCullin, alikamatwa nchini Uganda wakati wa utawala wa Idi Amin na kuwekwa kizuizini kwa siku kadhaa kabla ya kufukuzwa nchini. Kwenu Kenya, J. M. Kariuki, mbunge aliyeikosoa serikali ya Kenyatta, aliuawa Machi 1975, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo Sunday Times lilitoa makala mfululizo kuhusu utajiri na ardhi iliyokusanywa na familia ya Rais Kenyatta na watu wa karibu naye. Kwa wakati ule, hayo yalikuwa mambo mazito kuchapishwa.

SWALI: Kwa nini mtu wa sifa kama hizo alidumu mwaka mmoja tu katika gazeti la The Times? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Chanzo ni kubadilika kwa mwenye mali. Roy Thomson alifariki mwaka 1976. Migogoro na vyama vya wafanyakazi wa mitambo ya uchapaji iliyafungia magazeti yote mawili, The Times na Sunday Times, kwa karibu mwaka mzima kuanzia Desemba 1978, na familia ya Thomson ikachoka na hasara. Mwanzoni mwa 1981 magazeti hayo yalinunuliwa na Rupert Murdoch, tajiri wa magazeti mzaliwa wa Australia. Evans alikuwa ameongoza kundi la wafanyakazi lililotaka kulinunua Sunday Times. Lilipokosa, alikubali kupewa uhariri wa The Times. Nadhani hapo ndipo alipokosea, kwa kuwa aliwaacha watu aliowazoesha kazi kwa miaka 14, akaenda katika chumba cha habari ambacho sehemu ya waandishi wake hawakupendezwa na mwendo wake wa kubadilisha mambo kila siku.

Murdoch alikuwa ameiahidi serikali kwamba hataingilia uhariri, na wakurugenzi huru waliwekwa ili kuilinda ahadi hiyo, kiasi kwamba mhariri hangeweza kuondolewa bila ridhaa yao. Evans aliombwa ajiuzulu Machi 1982, akakataa kwa siku chache, kisha akakubali. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1983 alieleza kwamba ahadi zilivunjwa moja baada ya nyingine. Upande wa pili ulikuwa na maelezo yake kuhusu hasara ya gazeti na mgawanyiko wa wafanyakazi, na ni kweli kwamba baadhi ya waandishi walitaka aondoke. Ulinzi ule wa maandishi haukumsaidia, kwa sababu wakurugenzi wangeweza kumzuia Murdoch asimfukuze, lakini hawakuwa na uwezo wa kumpa bajeti, imani ya mwenye gazeti wala utulivu wa kazi. Nafasi yake ilichukuliwa na naibu wake, Charles Douglas-Home. Mwaka 1984 Evans alihamia Marekani, akaanzisha jarida la safari na baadaye akaongoza kampuni ya vitabu ya Random House kuanzia 1990 hadi 1997. Alifariki New York mwezi Septemba 2020 akiwa na umri wa miaka 92, na hakuwahi tena kuhariri gazeti la Uingereza.